Vyuo vya Wanyonge na Njia ya Intaneti: Historia ya Marekani kwa Sisi Tulio Kambini



Imekuwa desturi katika toleo la kumbukumbu kuandika habari za safari yetu wenyewe. Safari hii kamati imeona ni vema tuandike historia ya watu wengine walio mbali sana nasi, kwa sababu jambo wanalolihangaikia ndilo linalozungumzwa sasa kila kona ya kambi. Jambo hilo ni intaneti. Vijana wanaitaka kwa masomo, wafanyabiashara kwa kupokea fedha, akina mama kwa kusikia sauti za ndugu waliotawanyika. Mashirika nayo yanakuja na mipango ya kuileta. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: ikija, itakaa mikononi mwa nani? Na mfadhili akiondoka, itabaki na nani?

Watu tunaowaandika ni Wamarekani Weusi na wenyeji asilia wa Marekani. Huenda msomaji akashangaa na kusema kwamba Marekani ni nchi tajiri, haifanani na kambi. Ni kweli. Lakini hata katika nchi tajiri waya haukupita kwa kila mtu. Ulipita kwanza kwa wenye nacho, ukawakwepa wale ambao shule, umeme na simu vilikuwa vimewakwepa tangu zamani. Waliokwepwa walikuwa na vyuo vyao, vingi vikiwa vidogo na vyenye fedha kidogo, lakini vilivyozoea kufanya kazi na majirani. Hoja yetu ni kwamba huduma ilidumu zaidi pale chuo cha wenyewe na wananchi wanaokizunguka waliposhika kazi pamoja. Pale msaada ulipokuja bila kuacha chombo wala fundi, uliondoka kama ulivyokuja.

VYUO VILIVYOZALIWA KWA KUNYIMWA

Mwaka 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyozipa majimbo ardhi ya serikali ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji asilia. Utumwa ulifutwa katika katiba mwaka 1865, lakini katika majimbo ya Kusini milango ya vyuo hivyo iliendelea kufungwa kwa watu Weusi. Mwaka 1890 ikatungwa sheria ya pili: jimbo litakalotaka fedha hizo ama lipokee wanafunzi bila kubagua rangi, ama lianzishe chuo kingine kwa ajili ya Weusi. Majimbo ya Kusini yalichagua njia ya kutenga. Hivyo vikapatikana vyuo vinavyoitwa mpaka leo "vyuo vya 1890". Sasa ni 19. Vilizaliwa kwa ubaguzi na vikapewa kidogo kuliko wenzao, lakini vilikuwa karibu na watu.

Chuo kimoja kinatufaa kukitazama kwa makini, nacho ni Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Kilianza mwaka 1881 chini ya Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa mtumwa. Walimu wa Tuskegee walitambua mapema kwamba mkulima maskini hawezi kuacha shamba lake aje kukaa darasani. Basi mwaka 1906 wakatengeneza gari la kukokotwa na wanyama, likajazwa majembe ya kisasa, mbegu na vyombo vya kusindika maziwa, likaanza kuzunguka vijijini. Mtaalamu wa kilimo George Washington Carver ndiye aliyepanga vilivyomo. Gari liliitwa Jesup, kwa jina la tajiri wa New York aliyelifadhili. Mwaka huohuo Thomas Campbell, kijana aliyesoma Tuskegee, aliajiriwa na Wizara ya Kilimo kuliendesha na kufundisha. Ndiye bwana shamba Mweusi wa kwanza wa serikali ya Marekani.

Tunataja gari hilo kwa sababu ndani yake kuna wazo zima la makala haya. Fedha zilitoka kwa tajiri wa mbali, mshahara ukatoka serikalini, lakini elimu ilipangwa na chuo cha wenyewe, na aliyeibeba alikuwa mtoto wa nyumbani anayejua lugha na shida za wakulima.

Mwaka 1914 serikali ilieneza mpango wa mabwana shamba nchi nzima. Sheria iliyaachia mabunge ya majimbo uamuzi wa chuo kitakachosimamia fedha, na mabunge ya Kusini yakavichagua vyuo vya Wazungu. Kazi iliyokuwa imeanza kuonyeshwa na Tuskegee ikaendeshwa na wengine, na vyuo vya Weusi vikabaki kusubiri mgao kutoka mikononi mwao. Hapo tunaona kwamba haitoshi wanyonge kuwa na chombo chao. Ni lazima pia sheria inayogawa fedha ikitaje chombo hicho kwa jina.

NANI ALITOA ZAIDI?

Habari ya pili inahusu shule. Mwaka 1912 Washington alikubaliana na Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago, kujaribu kujenga shule ndogo sita kwa watoto Weusi wa vijijini Alabama. Masharti yalikuwa kwamba Rosenwald atatoa sehemu tu ya gharama. Nyingine itoke kwa wananchi wenyewe, na nyingine kwa serikali ya mahali, ambayo ililazimika kuikubali shule hiyo kuwa yake.

Watu waliokuwa wakilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno walitoa walichokuwa nacho. Wapo waliotoa mbao, wapo waliotoa kiwanja, na wasiokuwa na kitu walitoa nguvu zao. Mpango ulipofungwa mwaka 1932 zilikuwa zimejengwa shule 4,977 katika majimbo 15. Hesabu zilipopigwa ilionekana kwamba wananchi Weusi walikuwa wametoa dola milioni 4.7 hivi, na mfuko wa Rosenwald dola milioni 4.3 hivi. Maskini walimzidi tajiri. Fedha za kodi ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote, zaidi ya dola milioni 18, lakini serikali za mahali zisingezitoa bila wananchi kutangulia. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatuyasemi haya ili watu wa mashirika waseme, "Basi na ninyi changeni." Mchango wa maskini wale ulikuwa pia kodi ya mara ya pili, kwani walikuwa wamekwisha kulipa kodi kama wengine na watoto wao wakanyimwa shule. Tunayasema kwa sababu nyingine. Aliyechanga aliihesabu shule kuwa yake, akaitunza, akaitetea. Tajiri alipofunga mfuko wake, shule hazikufungwa naye.

Umeme ulikuja kwa mtindo unaokaribiana na huo. Mwaka 1935 shamba moja tu katika kila 10 hivi lilikuwa na umeme, kwa kuwa makampuni hayakuona faida kuvuta nyaya mashambani. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha shirika la kukopesha fedha, na wakulima wakaunda vyama vya ushirika vilivyomiliki nguzo na nyaya. Mwaka 1949 mikopo hiyo ikaruhusiwa kujenga simu pia. Katika muda wa miaka 20 hivi karibu mashamba yote yakawa na umeme. Waliobaki gizani walikuwa hasa wale ambao hawakuwa na sauti katika ushirika wala serikalini, na wengi wao walikuwa katika ardhi za wenyeji asilia.

WATU WALIOREJEA KWAO WAKAJENGA CHUO

Hapa tunaomba wasomaji wetu wasikilize kwa makini, kwani ni habari inayofanana na yetu. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwatoa Wanavajo katika nchi yao, likawatembeza kwa miguu zaidi ya maili 300, yaani karibu kilometa 500, hadi mahali palipoitwa Bosque Redondo, katika nchi ambayo leo ni jimbo la New Mexico. Wengi walikufa njiani. Maelfu waliwekwa huko miaka 4, kwa mgao wa chakula usiotosha na maji mabaya. Mwaka 1868 wazee wao walitia saini mkataba, wakarudi kwao.

Miaka 100 kamili baadaye, mwaka 1968, Wanavajo walianzisha chuo chao, ambacho sasa kinaitwa Diné College. Kilikuwa chuo cha kwanza Marekani kuanzishwa na kuongozwa na kabila la wenyeji wenyewe. Wengine wakafuata, na mwaka 1973 vyuo sita viliunda umoja wao. Mwaka 1978 bunge likapitisha sheria ya kuvisaidia. Mwaka 1994 vyuo 29 vya makabila viliingizwa katika kundi la vyuo vilivyoanzishwa kwa sheria ya ardhi ya 1862. Yaani wale ambao ardhi yao ilivijenga vyuo vya wengine walisubiri miaka 132 kupata nafasi hiyo. Leo vyuo vya makabila ni zaidi ya 30. Vingi viko mbali na miji, na katika sehemu nyingi chuo ndicho maktaba, ukumbi wa mikutano na mahali pa kujifunza kompyuta kwa watu wote.

INTANETI YAZALIWA VYUONI, LAKINI SI VYUO VYOTE

Wengi wetu hudhani intaneti ilianzia katika makampuni ya simu. Sivyo. Mwezi Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu cha UCLA huko California iliunganishwa na ya taasisi moja ya utafiti, kwa fedha za wizara ya ulinzi. Mwisho wa mwaka huo vituo vilikuwa vinne, kimoja kikiwa Chuo Kikuu cha Utah. Utah ni mojawapo ya majimbo matatu ambamo nchi ya Wanavajo imeenea. Lakini kati ya chuo kile na Wanavajo palikuwa na umbali ambao waya ungehitaji miaka mingi kuuvuka.

Mwaka 1986 taasisi ya taifa ya sayansi ilijenga mtandao mkuu wa kuunganisha vyuo, na mwaka 1995 mtandao huo ukafungwa, kazi ikaachiwa makampuni. Mwaka huohuo wizara ya biashara ilitoa ripoti kuhusu nani ana simu, kompyuta na modemu nyumbani. Ikaonekana kwamba maskini wa vijijini na wa katikati ya miji, na jamii za wachache miongoni mwao, walikuwa nyuma sana. Kwa hiyo soko lilikabidhiwa intaneti wakati serikali inajua tayari ni nani watakaoachwa.

Mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano iliweka mfuko wa kuzipunguzia shule na maktaba gharama za simu na intaneti, kuanzia asilimia 20 hadi 90 kwa kadiri ya umaskini wa mahali. Ulikuwa mpango mzuri, na umeunganisha shule nyingi. Lakini vyuo havikuwemo. Chuo cha kabila ambacho maktaba yake ndiyo maktaba pekee ya wananchi kilikosa njia iliyo wazi ya kuingia katika mpango huo. Ilichukua hadi mwaka 2023 ndipo tume ya mawasiliano ikatamka wazi kwamba maktaba ya chuo cha kabila inayotumiwa na umma ina haki ya kupata punguzo hilo.

Mwaka 1999 taasisi ya sayansi ilitoa dola milioni 6 hivi kwa umoja wa vyuo uitwao EDUCAUSE, ili kuvisaidia vyuo vya Weusi, vya makabila na vyenye wanafunzi wengi wa asili ya Kilatini kujenga mitandao yao. Sehemu muhimu ya kazi ile ilikuwa kufundishana: mafundi wa chuo kimoja kuwasaidia wenzao wa chuo kingine, na viongozi wa vyuo kujifunza jinsi ya kupanga na kununua.

Mwezi Aprili 2000 Rais Bill Clinton alifika Shiprock, katika nchi ya Wanavajo, kuzungumzia pengo hili. Aliyemkaribisha jukwaani alikuwa msichana wa shule mwenye umri wa miaka 13, aliyekuwa ameshinda kompyuta mpya katika shindano. Alikuwa na kompyuta, lakini hakuweza kuiunganisha, kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na waya wa simu. Hesabu ya watu ya mwaka huo ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba katika nchi ya Wanavajo hazikuwa na simu. Tunadhani kila aliyewahi kupokea msaada wa kifaa kisichokuwa na umeme wa kukiwasha atamwelewa msichana yule bila maelezo zaidi.

MINARA YA JUA

Mwaka uliofuata, 2001, makabila ya kusini mwa California yalianza kazi ambayo bado inatajwa kama mfano. Vijiji vyao vimetawanyika katika mabonde na milima, na makampuni hayakuona faida ya kuvuta waya. Chuo Kikuu cha California cha San Diego kilikuwa na mtandao wa redio kwa ajili ya watafiti wake, nao umoja wa wenyeviti wa makabila ukashirikiana nacho. Kampuni ya Hewlett-Packard ikatoa ruzuku. Minara ikasimamishwa vileleni, mingine ikitumia umeme wa jua, ikirushiana mawimbi kutoka kilele hadi kilele.

Waliopanda milima hiyo na kufunga vifaa walikuwa watu wa makabila, na umiliki wa mtandao ulikuwa wa umoja wao. Ruzuku ya kampuni ilikuwa ya miaka michache tu. Ilipokwisha, mtandao uliendelea, kwa kuwa mafundi walikuwepo na wenye mali walikuwepo. Huo ndio mlinganisho na gari la Tuskegee: mgeni alichangia, mwenyeji akaendesha.

MWAKA WA UGONJWA

Mwaka 2009, baada ya mtikisiko wa uchumi, serikali ilitenga zaidi ya dola bilioni 7 kwa intaneti ya kasi. Mwaka 2010 shirika la umeme na maji la Wanavajo lilipata dola milioni 32 za kuvuta mkongo na kusimamisha minara. Kazi ilisonga, lakini nchi ya Wanavajo ina ukubwa wa kilometa za mraba 70,000 hivi. Ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa.

Kisha ukaja mwaka 2020 na ugonjwa wa korona. Vyuo vilifungwa, masomo yakahamia kwenye intaneti. Mwezi Mei mwaka huo nchi ya Wanavajo ilikuwa na kiwango cha maambukizi kilichoipita hata New York kwa kulinganisha na idadi ya watu. Wanafunzi wasiokuwa na intaneti nyumbani walikaa ndani ya magari kwenye viwanja vya vyuo, shule na maktaba, wakishika mawimbi kutoka ndani ya jengo ili wafanye mitihani. Kuanzia Februari hadi Septemba 2020 tume ya mawasiliano iliyapa makabila ya vijijini haki ya kutangulia kuomba masafa ya redio yaliyo juu ya ardhi zao, kabla hayajauzwa kwa makampuni. Ilikuwa hatua kubwa, kwani mwenye masafa halazimiki kumbembeleza mwenye mnara.

Mwezi Desemba 2020 sheria ya bajeti ilitenga dola milioni 285 kwa mpango wa majaribio wa kuziunganisha jamii za wachache kupitia vyuo vyao, na dola bilioni 1 kwa intaneti ya makabila. Tunaomba wasomaji watazame jinsi mpango ule wa vyuo ulivyopangwa. Kwanza, fedha zilikwenda kwa chuo, lakini si kwa chuo peke yake. Sheria ilitaja pia jamii inayokizunguka, ndani ya maili 15, yaani kilometa 24 hivi, na kati ya jamii hizo zile zenye kipato cha chini. Pili, angalau asilimia 40 ilitengwa kwa vyuo vya kihistoria vya Weusi, na angalau asilimia 20 itumike kuwapatia wanafunzi intaneti na vifaa. Tatu, fedha ziliruhusiwa kuajiri na kufundisha mafundi, si kununua mashine tu. Ni kama sheria ilikumbuka kosa la 1914 na safari hii ikakitaja chombo cha wanyonge kwa jina. Ruzuku zilitolewa mwaka 2022 na 2023, na vyuo vikaanza kufundisha wazee kutumia kompyuta, kukopesha vifaa na kuunganisha vituo vya jirani.

FEDHA ZILIPOKATIKA

Mwezi Novemba 2021 ikapitishwa sheria kubwa zaidi, yenye dola bilioni 65 kwa intaneti ya kasi. Ndani yake mlikuwa na msaada wa dola 30 kwa mwezi kwa kila kaya maskini, na dola 75 kwa kaya iliyo katika ardhi ya makabila, ili walipe makampuni ya intaneti. Kaya zaidi ya milioni 23 zilijiandikisha. Fedha zilipokwisha bunge halikuongeza, na tarehe 1 Juni 2024 msaada ukafungwa. Kaya zile zikabaki na ankara mkononi. Sheria hiyohiyo ilikuwa na dola bilioni 2.75 kwa ajili ya usawa wa kidijitali, yaani mafunzo na vifaa kwa walioachwa nyuma. Mwezi Mei 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilitangaza kusitisha ruzuku hizo.

Sisi si Wamarekani na hatuna nafasi katika siasa zao. Lakini mwaka 2025 sote kambini tuliona maana ya uamuzi wa mji wa mbali kukata misaada. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga. Cha kutazama ni kilichobaki huko baada ya fedha kukatika. Msaada wa kulipia ankara uliisha siku ulipofungwa, ingawa ulikuwa umewafaa mamilioni. Minara iliyomilikiwa na makabila na masafa yaliyoandikwa kwa majina yao havikuondoka na ruzuku. Fundi aliyefundishwa hawezi kunyang'anywa alichojifunza.

NA SISI TULIO HUKU?

Katika nchi zetu jirani historia hii nayo imeanza kuandikwa. Mwaka 2010 shirika la Wajesuiti lilianza masomo ya chuo kwa njia ya intaneti katika kambi ya Kakuma nchini Kenya na Dzaleka nchini Malawi, na stashahada ikatolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver. Mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi vya Kenya, pamoja na York na British Columbia vya Kanada, vilianza masomo ya walimu wakimbizi Dadaab. Ni mwanzo mzuri, na waliosoma humo leo wanafundisha wenzao.

Lakini pengo ni kubwa. Mwaka 2016 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilieleza kwamba uwezekano wa mkimbizi kuwa na simu yenye intaneti ni nusu ya ule wa watu wengine, na kwamba kaya 29 katika kila 100 za wakimbizi hazina simu kabisa. Mwaka 2019 ni wakimbizi 3 tu katika kila 100 wenye umri wa chuo waliokuwa chuoni. Lengo lililowekwa ni 15 katika kila 100 ifikapo mwaka 2030.

Sheria nayo ina nafasi yake. Mkimbizi wa Uganda alikuwa akipata taabu kusajili laini ya simu kwa jina lake, mpaka mwaka 2019 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliporuhusu karatasi za ukimbizi kutumika. Hakuna mnara uliojengwa siku ile, lakini watu wengi waliunganishwa. Pasipo ruhusa ya namna hiyo, mkimbizi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwingine, na siku mwenye jina akiitaka huenda nayo, pamoja na fedha zilizomo.

Basi ndugu watumishi wa mashirika, tunawaomba jambo moja kabla ya kompyuta nyingine kuletwa. Chuo au shule ya ufundi ya mahali, ya wenyeji waliotupokea, ishirikishwe tangu mwanzo, na mkataba uandike kwamba huduma ni ya wenyeji na wakimbizi kwa pamoja. Hiyo ndiyo maana ya zile kilometa 24 katika sheria ya Marekani: chuo kisiwe kisiwa, na majirani wasione wivu juu ya ukuta. Mkataba huohuo utaje vijana wangapi watafundishwa ufundi wa kurekebisha mtandao, wa kike na wa kiume, na useme vifaa vitakuwa mali ya nani siku mradi utakapofungwa. Ufunguo wa chumba uwe kwa watu wanaolala hapa.

Nanyi wakimbizi wenzetu, hatuwaambii mchange fedha msizo nazo. Tunawaambia mje mkutanoni mpango utakapojadiliwa, mulize ufundi atafundishwa nani, na msiridhike na jibu la "tutaangalia". Wanavajo walirudi kwao mwaka 1868 bila shule yao wenyewe, na chuo chao kilichukua miaka 100. Sisi hatujui tutarudi lini. Kijana atakayejifunza hapa kuunganisha kituo kimoja na kingine ataweza kufanya kazi hiyo kijijini kwao, siku njia itakapofunguka.

Tunawatakia wote kumbukumbu njema na amani katika kila kaya.

Kamati ya Jumuiya